Namna ya Kuchagua Msumeno wa Meza kwa Karakana ya Nyumbani

Anayekwenda dukani kununua msumeno wa meza kwa mara ya kwanza huuliza swali moja kabla ya mengine yote: mota yake ina nguvu kiasi gani? Muuzaji hulijibu upesi, kwa kuwa nguvu ni kitu rahisi kuuza. Imeandikwa kwenye kibandiko, na mashine ikiwashwa inanguruma kiasi cha kumridhisha mnunuzi. Mimi pia nilinunua msumeno wangu wa kwanza kwa namna hiyo, na kwa karibu miaka miwili nilipasua mbao zilizokuwa na upana wa milimita 70 upande mmoja na milimita 73 upande wa pili, kila ubao ukihitaji kupigwa randa kabla ya kuungwa. Nguvu ilikuwapo tele. Kilichokosekana ni unyofu wa mkato.

Kwa sababu hiyo, ushauri wote unaofuata umejengwa juu ya jambo moja. Kazi ya msumeno wa meza, ule ambao mafundi wengi huuita mashine ya kupasulia, si kukata tu, maana hata msumeno wa mkono unakata. Msumeno wa meza unanunuliwa kwa sababu unaongoza mbao ipite sambamba na diski yake ya meno, ili kipande cha kwanza na cha ishirini vilingane kwa upana bila kupimwa tena. Zinazoifanya kazi hiyo ni sehemu tatu: uso wa meza, fensi, yaani ule ukingo mrefu ambao mbao huuegemea inapopita, na kisu cha nyuma, yaani lile bamba jembamba linalosimama nyuma ya diski na kuuzuia mpasuo usijifunge. Mota inakuja baada ya hizo tatu.

Anza na mbao unazopasua

Kabla ya kutazama mashine yoyote, tazama mbao zilizoegemezwa kwenye ukuta wa karakana yako. Seremala wa nyumbani wa Dar es Salaam, Morogoro au Arusha kwa kawaida hushughulika na mbao za paini, nyingi zikitoka katika msitu wa kupandwa wa Sao Hill wilayani Mufindi, kwa vipimo vya mbili kwa nne, moja kwa nane na mfano wa hivyo. Mara mojamoja hupata mninga, mkongo au msaji kwa ajili ya kitanda au mlango, na siku hizi hutumia sana shiti za plaiwudi na MDF, yaani mbao za nyuzi zilizogandamizwa, kwa makabati ya jikoni na ya nguo.

Kwa kazi hizo zote diski ya inchi 10, yaani milimita 254, inatosha. Ikisimama wima hupasua kina cha milimita 79 hivi, na ikiinamishwa digrii 45 hupasua milimita 57 hivi, kwa hiyo ubao wa mninga wa inchi mbili hupita katika hali zote mbili. Zipo mashine ndogo za diski ya inchi 8 na robo, ambazo kina chake ni kama milimita 64. Zinafaa kwa mtu anayetengeneza fremu za picha, masanduku na stuli, lakini ukiinamisha diski yake utaona kwamba ubao mnene unakushinda. Zipo pia za inchi 12, na nyingi kati ya hizo zimekusudiwa viwanda na zinadai umeme ambao nyumba nyingi hazina. Sababu nyingine ya kubaki na inchi 10 ni kwamba diski zake ndizo zinazopatikana kwa urahisi zaidi madukani, na diski ni kitu utakachonunua tena na tena.

Lipo jambo linalohusu mbao zetu ambalo vijitabu vya mashine, vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi ambako mbao hukaushwa kwenye tanuri, havilizingatii vya kutosha. Mbao nyingi zinazouzwa kwetu bado ni mbichi. Ubao wenye maji, au uliopasuliwa karibu na kiini cha mti, huwa na mkazo ndani yake, na mara diski inapoufungua, pande zake mbili ama hutanuka ama hujifunga na kuibana diski. Mbao kavu iliyonyooka huweza kumsamehe mtu mwenye mashine mbaya, lakini mbao mbichi haitamsamehe. Kwa hiyo mnunuzi wa kwetu anakihitaji kisu cha nyuma kuliko hata mnunuzi wa Ulaya.

Umeme ulionao nyumbani

Umeme wa majumbani Tanzania, Kenya na Uganda ni wa volti 230 hadi 240 na Hz 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde, na plagi ya kawaida ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13. Ukizidisha 13 kwa 230 utapata wati 2,990, na hicho ndicho kikomo cha mashine yoyote utakayoichomeka kwenye soketi ya ukutani. Mashine nyingi za kuhamishika ni za wati 1,500 hadi 2,000, hivyo zinapita bila shida. Mashine nzito yenye mota ya nguvu farasi tatu hutumia zaidi ya wati 2,200 ikiwa kazini, lakini wakati wa kuwaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya huo kwa muda mfupi, na ndiyo maana inafaa iwe na laini yake yenyewe kutoka kwenye sakiti breka, iliyofungwa na fundi umeme aliyesajiliwa. Ikiwa mota ni ya fezi tatu, jua kwamba nyumba yenye fezi moja haitaiwasha bila kifaa cha kubadilisha umeme, ambacho nacho kina gharama yake.

Hatari kubwa iko kwenye mitumba. Mashine zilizotumika huingia bandarini kutoka nchi nyingi, na si zote zinazokubali umeme wetu. Zile za Marekani mara nyingi ni za volti 120 na Hz 60; za Japani ni za volti 100; na hata zile za Uingereza, ambako umeme wa majumbani unafanana na wetu, nyingi zilizokuwa kwenye maeneo ya ujenzi ni za volti 110. Hizo za mwisho utazitambua kwa plagi yake ya njano ya mviringo, endapo haijakatwa. Ukikuta waya umekatwa na kufungwa plagi mpya, usiridhike na plagi. Tafuta kibao cha chuma kilichogongomewa kwenye mota na usome volti na Hz kwa macho yako. Transfoma inaweza kushusha volti, lakini haibadilishi Hz. Mota ya induksheni, ile isiyotumia kaboni, iliyotengenezwa kuzunguka mara 3,450 kwa dakika kwenye Hz 60 itazunguka kama mara 2,875 kwenye Hz 50, nayo huweza kupata joto kuliko ilivyokusudiwa. Mimi sishauri mtu anunue mashine ya namna hiyo kwa matumizi ya nyumbani, hata bei ikimvutia.

Ekstensheni nyembamba ni adui mwingine. Mota inayopata umeme pungufu mwishoni mwa waya mrefu huchoka, hupata joto na hatimaye huungua, na mwenye mashine hulaumu kiwanda. Tumia waya wa milimita 2.5 za mraba, mfupi iwezekanavyo, na uukunjue wote kabla ya kuwasha.

Sasa nizungumzie swichi, kwa maana hapa ndipo nilipofunzwa kwa uchungu. Jioni moja umeme ulikatika nikiwa nimefika katikati ya ubao wa mkongo. Diski ilisimama ikiwa imebanwa ndani ya mpasuo. Swichi ya mashine ile ilikuwa kama ya taa, ukiibonyeza inabaki ilipo, na mimi nikaenda kutafuta tochi bila kuizima. Umeme uliporudi mashine ilijiwasha yenyewe, ubao ukachomoka mezani na kugonga mlango wa mabati kwa kishindo kilichowatoa majirani nje. Mwanangu alikuwa amesimama mahali pale pale dakika chache kabla. Tangu siku hiyo sinunui wala sipendekezi msumeno usiokuwa na swichi ya sumaku, ile inayojifungua umeme unapokatika na isiyowaka tena mpaka mtu aibonyeze kwa mkono wake. Kuijaribu dukani ni rahisi: iwashe mashine, omba soketi izimwe ukutani, subiri diski isimame kabisa, kisha soketi iwashwe tena huku watu wote wamekaa mbali na meza. Mashine ikiamka, iache. Tazama vilevile kwamba kitufe cha kuzimia ni kikubwa na kiko mahali ambapo goti au paja linaweza kukifikia, kwa sababu katika wakati wa hatari mikono yako yote miwili itakuwa imeshika mbao.

Aina za mashine

Msumeno wa kuhamishika, wenye meza ya alumini na miguu ya kukunja, una mota ya kaboni, yaani mota ya namna ile iliyomo kwenye drili na grainda. Ni mwepisi, mtu mmoja au wawili wanaweza kuubeba, na baada ya kazi unasimamishwa pembeni ili gari au pikipiki ipate nafasi. Kasi yake ni kubwa, takriban mizunguko 4,000 hadi 5,000 kwa dakika. Kasoro zake ni kelele kali, meza fupi na kaboni zinazoisha na kuhitaji kubadilishwa. Anayeishi mahali ambapo ukuta wake ni ukuta wa jirani azitafakari sana kelele hizo, kwa kuwa zinapita madirisha na zinaweza kukuharibia ujirani mwema kabla hazijakuharibia masikio. Hata hivyo, kwa watu wengi wenye karakana ya uani au kibarazani, hii ndiyo aina inayofaa, na sioni aibu kusema kwamba msumeno mzuri wa kuhamishika ni bora kuliko msumeno mzito uliochoka.

Msumeno wenye mota ya induksheni na mkanda, ukiwa na meza ya chuma cha kusubu, ni mtulivu zaidi, hautikisiki, na mota yake ikitunzwa hudumu miaka mingi. Uzito wake huanzia kama kilo 100 na, kwa zile zenye kabati la chuma lililofungwa chini hadi sakafuni, hufika kilo 200 na zaidi. Mashine za kabati zina faida moja ambayo haionekani kwa nje: mhimili wa diski umefungwa kwenye kabati na si chini ya meza, hivyo ukihitaji kuinyoosha meza iwe sambamba na diski unalegeza boliti chache tu na kuisogeza. Kwa wakazi wa Tanga, Zanzibar, Mombasa na pwani yote, chuma cha kusubu kina gharama ya kudumu, nayo ni kutu. Chumvi ya hewa ya bahari huanza kuila meza ndani ya siku chache za masika. Meza hiyo hupakwa nta ngumu isiyo na silikoni na kung'arishwa kwa kitambaa, kisha hufunikwa; silikoni huingia kwenye mbao na kuifanya vanishi ikatae kushika.

Mashine kubwa za kupasulia shiti, zenye kitoroli kinachoteleza pembeni, zinatokana na kazi ya seremala Mjerumani Wilhelm Altendorf, aliyetengeneza ya kwanza mjini Berlin mwaka 1906. Ni nzuri sana kwa makabati, lakini zinakula chumba kizima na hazikusudiwi nyumba. Vilevile zipo mashine za kuunganisha kazi, ambazo zina randa na msumeno katika mwili mmoja. Kabla ya kuinunua, pima fensi yake upande wa msumeno, maana katika nilizowahi kuzitumia, sehemu ya randa ilitengenezwa kwa uangalifu na msumeno ukaongezwa kama nyongeza.

Katika vichochoro vya mafundi wa Keko, Dar es Salaam, na popote penye mafundi wengi, utakuta pia meza zilizochomelewa hapa hapa nchini, zenye mota, puli na mkanda. Zimelisha familia nyingi na sizidharau. Ila ukiamua kununua moja, mwambie mchomeleaji, kabla hajaanza, mambo manne ambayo huachwa mara nyingi: kisu cha nyuma, kifuniko cha diski, kifuniko cha mkanda na swichi ya sumaku. Kuyaongeza wakati wa kutengeneza ni kazi ndogo. Kuyaongeza baadaye ni nadra kufanyika. Kuugeuza msumeno wa umeme wa mkononi juu chini na kuufunga chini ya ubao sikushauri hata kidogo, kwa sababu unapata diski inayozunguka bila kimojawapo kati ya hivyo.

Fensi ndiyo roho ya mashine

Hapa ndipo unapopaswa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, hata muuzaji akichoka. Chomoa plagi kwanza. Sogeza fensi hadi karibu sentimita 20 kutoka kwenye diski, ifunge, kisha pima kwa tepu mbele na nyuma ya diski. Ilegeze, isogeze, ifunge tena, pima tena. Fanya hivyo mara tano. Fensi nzuri itakupa kipimo kilekile mbele na nyuma kila unapoifunga, bila wewe kuisukuma au kuigonga kwa kiganja. Fensi mbaya itakupa majibu matano. Baada ya hapo ishike mwisho wake wa nyuma, ivute na uisukume kando kwa nguvu ya kawaida: isicheze.

Kisha pima kama diski yenyewe iko sambamba na mfereji wa mezani, ule ambamo geji ya pembe, yaani kile kiongozi cha kukatia mbao kwa pembe, huteleza. Inua diski hadi juu kabisa na uchague jino moja lililo mbele, ulitie alama ya chaki. Kwenye geji ya pembe funga kijiti chenye skrubu mwishoni, na uitokeze skrubu mpaka iguse jino hilo kidogo tu, ukisikia mkwaruzo mwembamba unapolizungusha kwa mkono. Zungusha diski mpaka jino lile lile lifike nyuma, uteleze geji ulifuate, na usikilize. Mkwaruzo ukiwa uleule, diski iko sawa. Ukiwa mzito zaidi, au ukitoweka, diski imekaa upande. Ili kujua ni kwa kiasi gani, tumia karatasi ya kawaida ya kuchapia ya gramu 80, ambayo unene wake ni karibu milimita 0.1. Pengo linalopitisha karatasi moja linavumilika; linalopitisha karatasi tatu linahitaji marekebisho, na hapo muulize muuzaji akuonyeshe boliti za kurekebishia. Baadhi ya mashine za bei ya chini hazina boliti hizo kabisa, na mashine isiyoweza kunyooshwa ikipinda imekwisha.

Fensi nayo iwe sambamba na mfereji huo huo, au iwe imefunguka kwa unene wa karatasi moja upande wa nyuma. Isiwe kamwe imejifunga nyuma, kwa sababu mbao itabanwa kati yake na diski.

Kuhusu umbali ambao fensi inaweza kwenda kulia kwa diski, hesabu ni nyepesi. Shiti ya futi 4 kwa 8 ina upana wa milimita 1,220, na ukitaka kuipasua katikati kwa urefu unahitaji milimita 610, ambazo ni inchi 24. Mashine inayofikia hapo inamtosha mtengeneza makabati wa nyumbani. Inayoishia inchi 12 itakulazimisha kukata shiti kwa msumeno wa mkononi kwanza.

Uso wa meza ukaguliwe kwa rula ndefu ya chuma iliyosimamishwa kwa ukingo wake, kutoka kona hadi kona na kukatiza diski, huku mwanga ukiwa nyuma yake. Bonde dogo pembeni halina madhara. Mwinuko karibu na diski una madhara. Tazama pia lile bamba linaloizunguka diski mezani: liwe la kutolewa kwa urahisi na lenye unene wa kutosha, ili uweze kujitengenezea jingine la mbao lenye mwanya mwembamba, ambalo huzuia vipande vyembamba visizame na plaiwudi isichanike upande wa chini.

Kisu cha nyuma na usalama wa vidole

Diski ya inchi 10 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika ina meno yanayosafiri kwa kasi ya mita 53 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 190 kwa saa. Meno ya mbele yanashuka na kuikandamiza mbao mezani. Meno ya nyuma yanapanda. Mbao ikijifunga nyuma ya diski, au ikipinda na kuacha fensi, meno hayo yanayopanda huinua na kuitupa kuelekea kwa aliyesimama mbele. Mara nyingi jeraha la vidole hutokea katika sehemu hiyo hiyo ya sekunde, kwa kuwa mbao inapotoweka mkono uliokuwa ukiisukuma huendelea na safari yake.

Kisu cha nyuma kinazuia jambo hilo lisianze. Lakini si kila bamba lililo nyuma ya diski ni kisu cha kweli. Kinachofaa hupanda na kushuka pamoja na diski na huinama nayo, kikikaa karibu nayo kwa milimita chache tu, chini kidogo ya jino la juu kabisa. Kwa hiyo hakihitaji kutolewa hata unapokata mkato usiopenya. Bamba la mtindo wa zamani, lililosimama peke yake na kubeba kifuniko, hutolewa kwa kila mkato wa namna hiyo, na likishatolewa halirudi. Nimeliona limetundikwa ukutani katika karakana nyingi. Unene wa kisu uwe mkubwa kuliko mwili wa diski na mdogo kuliko upana wa mpasuo wake. Umuhimu wa kipimo hiki utauona utakaponunua diski mpya: diski nyembamba yenye mpasuo wa milimita 2.4 haitapitisha mbao kwenye kisu kilichotengenezwa kwa mpasuo wa milimita 3.2. Unene huo kwa kawaida umeandikwa kwenye kisu chenyewe. Usome kabla ya kulipa.

Kuna misumeno inayotambua ngozi ya binadamu na kusimamisha diski ndani ya takriban milisekunde 5. Aliyeibuni teknolojia hiyo mwaka 1999 ni Stephen Gass wa Marekani, mwanafizikia na mwanasheria wa hataza, na misumeno ya kampuni yake ya SawStop ilianza kutoka kiwandani mwaka 2004. Diski hupitishiwa ishara ndogo ya umeme. Kidole kikigusa, ishara hubadilika, na kipande cha alumini hurushwa kwenye meno na kuyasimamisha. Ni kazi ya kuheshimiwa sana, na anayeweza kuimudu ainunue. Azingatie tu kwamba breki hiyo hutumika mara moja na kwa kawaida diski huharibika nayo, hivyo awe na njia ya kuagiza breki nyingine. Na kwamba mbao mbichi sana inaweza kuifanya breki ifyatuke bila sababu.

Diski, vumbi na nafasi

Diski inayokuja na mashine mara nyingi ni ya kuanzia tu. Tenga fedha za diski mbili tangu siku ya kwanza: moja ya meno 24 kwa kupasua mbao ngumu kufuata nyuzi zake, na nyingine ya meno 60 au 80 kwa plaiwudi, MDF na mikato ya kukatiza nyuzi. Asiyeweza kununua mbili aanze na ya meno 40. Zote ziwe na ncha za kabaidi, kwa sababu msaji una chembe za silika zinazobutua chuma cha kawaida upesi. Kabla ya kununua pima tundu la katikati la diski: kuna la milimita 30 la mashine za Ulaya, la milimita 25.4, na la milimita 15.88 la mashine za Marekani. Mashine inayotumia tundu ambalo maduka ya mji wako hayana diski zake itakuchosha.

Vumbi la mbao si uchafu tu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, na vumbi la MDF ni jembamba mno na linaelea hewani kwa muda mrefu. Chagua mashine yenye mdomo wa kuunganishia kifyonza vumbi, wa milimita 63 au 100, na uvae barakoa ya vumbi hata kama unafanyia kazi uani.

Kuhusu nafasi, shiti ya futi 8 inahitaji urefu wake wote mbele ya diski na urefu wake wote nyuma, kwa hiyo, pamoja na nafasi yako ya kusimama, karibu mita 5.5 kwa jumla. Wengi hatuna chumba kirefu hivyo. Ielekeze mashine mlangoni, ili mbao itokee nje, na uhakikishe kizingiti kiko chini ya uso wa meza.

Ukikagua mashine iliyotumika, chomoa plagi, shika diski kwa kitambaa na uitikise mbele na nyuma. Mchezo wowote kwenye shafti ni dalili ya beringi mbovu. Izungushe kwa mkono ukisikiliza mkwaruzo, kisha chomeka, iwashe na uizime, na uisikilize inapopunguza kasi, kwa kuwa beringi mbovu husikika vizuri zaidi mota inaponyamaza. Zungusha magurudumu ya kuinulia na kuinamishia diski hadi mwisho wa kila upande.

Mwisho, nenda dukani na ubao wako mwenyewe, wa paini au mninga, wenye urefu wa mita moja, ulionyooshwa ukingo mmoja kwa randa. Omba upasuliwe katikati mbele yako. Pima upana wa kipande kilichopita upande wa fensi, mwanzo, katikati na mwisho. Kisha laza vipande viwili mezani, kimoja ukigeuze chini juu, uvikutanishe kwa kingo zilizotoka kukatwa, na uviinue pamoja kuelekea dirishani. Diski iliyoinama hata kidogo itaacha mwanya wenye umbo la kabari, mara mbili ya kosa lenyewe. Mwanga usipopita, na vipimo vitatu vikilingana, toa fedha.